Hajaonekana

Hasik, saa mbili asubuhi. Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni
na kioo cha kompyuta kimejaa mikia.
Picha mia tatu na kumi na mbili,
nyingi ni za maji matupu:
mnyama keshazama, kidole changu kikachelewa.

Mkia wa nyangumi, ukiuona kwa chini,
ni kitambulisho kisichohitaji muhuri.
Huyu ana doa jeupe kama unga uliomwagika.
Huyu wavu ulimchana, pindo la kushoto halipo,
tukamwita Kipande.
Huyu hana jina, ana namba tu, thelathini na moja,
na kila nikimwona namwonea haya
kama mgeni niliyesahau kumkaribisha.

Bakhiti, mwendesha boti, haamini hesabu zangu.
"Umeona ishirini, unaandika sabini?
Fanya hivyo sokoni, utalala ndani."

Nikamwomba mfuko wa dagaa wakavu, chakula cha ngamia wake.
Tukatoa thelathini, nikawakata ncha za mikia,
tukawarudisha, akautikisa mfuko kwa hasira.
Tukatoa thelathini tena, kwa macho yaliyofumbwa.
Tisa walikuwa na mkato wangu.
Thelathini mara thelathini, gawa kwa tisa.
"Mfukoni wamo mia," nikasema.
Bakhiti akamimina wote sakafuni, akahesabu kwa kidole,
akarudia, akatabasamu:
"Tisini na sita. Umekosea wanne."
Nikamwambia: bahari haimwagiki sakafuni.

Jioni ngamia wakala ushahidi wote,
wenye alama na wasio na alama.

Mwaka wa kwanza mikia ishirini na minne.
Wa pili ishirini na mmoja, saba tukiwafahamu.
Sabini na wawili, basi.
Pengine arobaini na watano. Pengine mia.
Kule Maskati, kwenye meza ndefu, wakubwa wa meli wakauliza:
"Ipi sasa? Tupe moja."
Nikasema: ukirudisha gari nyuma uani
na hujui watoto ni wawili au watano,
mguu wako si unakuwa mwepesi vile vile?
Mmoja akaandika kitu. Mwingine akatazama saa.

Jedwali langu lina safu ya mwisho, nayo haina subira.
Inataka moja au sifuri.
Kipande: sifuri. Mwaka uliofuata, sifuri.
Sifuri tisa zimepangana
kama vikombe vilivyofunikwa baada ya hitima.
Lakini sifuri haijasema kafa.
Imesema siku ile, mahali pale, macho yetu hayakumpata;
na siku ile kulikuwa na ukungu,
na injini ilikohoa, na mimi nilikuwa natapika.

Mama hupiga simu usiku kutoka Al Khuwair,
Kiunguja chake hakijapata kutu.
Huniuliza kama nimekula, halafu huwataja jamaa mmoja mmoja.
Marehemu fulani, marehemu fulani.
Akifika kwa kaka yake Suwedi, aliyebaki gatini Unguja
siku wenzake walipopanda meli,
miaka sitini sasa,
neno hilo halitumii.
"Suwedi hajaonekana," husema,
kisha huuliza bei ya samaki.

Nimesoma vitabu vya takwimu, vinene kama matofali,
na sikukuta humo kitu kidogo kama hiyo *-ja-*.
Silabi moja, na mlango umeegeshwa tu.

Jana usiku nikaiandika kwenye safu ya Kipande.
Kompyuta ikaipigia mstari mwekundu,
ikakataa kuhesabu.
Nikarudisha sifuri, maana kazi ni kazi.
Neno nimelihamishia pembeni, kwenye maelezo,
ambako hakuna anayesoma.

Bakhiti anapiga honi. Petroli imejaa.
Nachukua kamera,
na betri ya akiba.